Kabla ya kufunga kifundo, mtazame mtoto pua

(Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi katika ukumbi wa mtaa huku Majengo, Moshi, kwenye Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, mwanzoni mwa Agosti. Wengi waliniomba maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na nimeongeza machache niliyoulizwa baada ya mkutano.)

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wauguzi wenzangu, bibi zangu mliokaa mbele, akina mama mnaonyonyesha, na ninyi akina baba saba niliowahesabu wakati nikiingia: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Hapa mezani nimeweka kanga, kitenge, mbeleko ya pete, ile inayokazwa kwa pete begani, kibebeo cha mikanda nilichokinunua juzi kwenye soko la Memorial, na dumu la maji la lita kumi. Dumu mtaona kazi yake. Lakini naomba nianze na jambo la kwangu mwenyewe.

Mwaka 1992 nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, ana wiki tano. Ilikuwa Julai, na anayeijua Marangu ya Julai anaujua ukungu ule unaoshuka mpaka kwenye migomba, mtu huoni nyumba ya jirani. Nilikuwa nimeshahitimu uuguzi. Nilimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, amelala kwa kujikunja, nikamfunika blanketi, na juu ya blanketi nikavaa sweta. Nikapanda gari la kuja Moshi. Gari limejaa, tumebanana, mtoto kimya, na mimi nafurahi kwamba amelala. Tulipofika Njia Panda ya Himo, bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, kapu la maparachichi mapajani, akaniambia: "Mama, huyo mtoto ametulia mno. Mfunue."

Nikamfunua. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamnyanyua, kichwa kikanyooka, akavuta pumzi moja ndefu, kisha akalia. Yule bibi akasema, "Haya, huyo sasa analia vizuri," akateremka na kapu lake. Sijamwona tena. Kijana yule leo ni baba wa watoto wawili.

Nimeeleza habari hii kwa sababu wengi mnadhani hatari ya mbeleko ni mtoto kuanguka. Kuanguka kupo, nitafika huko. Lakini kile kilichotaka kuniondolea mtoto hakikuwa na kishindo. Hakuna kilichomziba pua. Kichwa chake tu kilimwelemea. Kichwa cha kichanga ni robo ya urefu wa mwili wake wote, na kinakalia shingo isiyo na nguvu. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini kama mrija wa soda. Ukiukunja mrija, soda haipiti. Kidevu kikizama kifuani, mrija umekunjwa. Na mtoto halii, kwa sababu kulia kunahitaji hewa. Kwa hiyo ule utulivu tunaoupenda, "leo amelala jamani, hasumbui," ndio wa kuutazama mara mbili.

Wala si jambo la sisi wenye vitenge tu. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za dukani, baada ya kukuta vifo vya watoto visivyopungua 14 katika miaka 20. Kati ya hao, 12 walikuwa hawajafikisha miezi minne. Hizo zilikuwa mbeleko za dukani, mpya, za bei.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Mama, ninunue kibebeo kipi?" sianzi na kibebeo. Ninamwambia: kizuri ni kile kinachouacha uso wa mtoto mbele ya macho yako, na kidevu chake mbali na kifua chake. Rangi, bei, mikoba ya pembeni, hayo tuzungumze baadaye.

Sasa tazameni mikono yangu. Mtoto akae wima, tumbo lake kwenye kifua chako, shavu limelala upande, sikio lake karibu na moyo wako. Chini ya kidevu chake vidole vyako viwili vipite. Ukiinamisha shingo kidogo tu, umbusu utosini. Kama inakubidi ujikunje ndipo umfikie, yuko chini mno, mpandishe. Kisha weka kiganja mgongoni kwake, umsukume taratibu kuelekea kwako. Akisogea, kitambaa kimelegea, na kitambaa kilicholegea ndicho kinachomfanya aporomoke na kujikunja akiwa ndani. Fungua, anza upya. Wengi tunaogopa kukaza, tunadhani tutamuumiza. Kichanga ametoka mahali palipombana pande zote, anapenda kushikwa. Kinachomuumiza ni kuning'inia.

Unaponyonyesha ukiwa umembeba, mteremshe, anyonye, na akimaliza mrudishe juu, wima. Asiachwe amelala na pua imezama kwenye ziwa. Na unapookota kitu chini, mkono mmoja kichwani kwa mtoto, chuchumaa kwa magoti. Usiiname kiuno.

Bibi zangu, nawaona mnatazamana. Mnataka kuniambia, sisi tuliwabeba mgongoni, na hao ndio waliojaza ukumbi huu. Ni kweli kabisa, na mimi ni mmoja wao. Lakini nikumbusheni: mlitupandisha mgongoni tukiwa na umri gani? Huku Uchaggani mzazi alikaa ndani miezi mitatu, analetewa mtori, kuni anakatiwa na mama mkwe, haendi shambani wala sokoni. Alipotoka nje, mtoto alikuwa ameshaanza kushika shingo yake. Mgongo wenu ulisubiri shingo ya mtoto. Desturi ile ilikuwa na akili kubwa kuliko tulivyojua.

Leo mzazi yuko kwenye genge la nyanya Mbuyuni wiki ya tatu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua mapacha. Muuza nyanya hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Simlaumu anayerudi sokoni mapema. Ninachomwomba ni kwamba kichanga cha wiki tatu kisiende mgongoni, mahali ambapo huwezi kukiona. Kikae kifuani mpaka shingo ikaze na kichwa kisiyumbe, na kwa wengi hiyo ni miezi minne hivi. Baada ya hapo mgongo ni wake, mpaka akatae mwenyewe.

Na kuhusu mgongo nataka kuwapa bibi zetu haki yao, maana wataalamu wa mifupa wameithibitisha. Mtoto wa mgongoni kwa kanga anakaa vipi? Mapaja yametanuka kukumbatia kiuno cha mama, magoti yako juu kuliko makalio, kama herufi M. Nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu laini. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae katikati ya kikombe chake ndipo kikombe kikue kwa umbo sawa, na mkao ule wa M ndio unaokikalisha. Ukimnyoosha miguu na kuifunga pamoja kama mzigo wa miwa, unauvuta mfupa utoke. Japani walikuwa na desturi ya kuwafunga vichanga miguu imenyooka. Mwaka 1975 walianza kampeni ya nchi nzima ya kuwaacha wakunje miguu, na nyonga zilizotoka, ambazo zamani zilikuwa watoto 11 hadi 35 katika kila elfu moja, zikashuka mpaka chini ya wawili. Malawi, ambako watoto hubebwa mgongoni kama huku kwetu, madaktari walioutafuta ugonjwa huo waliukuta kwa nadra sana.

Kwa hiyo, hata akiwa kifuani, kichanga akae hivyohivyo, kama chura. Kitambaa kipite chini ya makalio na kifike nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili. Mgongo uwe na kijipindo kidogo cha kawaida, usilazimishwe kunyooka. Na kichanga atazame kwako, asitazame barabara. Nawaona vijana wa mjini wamewageuza watoto wa miezi miwili watazame mbele, miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Mtoto huyo hana pa kulaza kichwa akichoka, na uzito wote umekalia katikati ya miguu.

Sasa tuje kwenye vitambaa. Watu wa Pwani kwenye mahari wana fungu linaloitwa ubeleko, zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya ile nguo aliyombebea binti yake. Nguo ya kubebea mtoto ni kitu kikubwa kiasi hicho. Usiichukue ya kwanza unayoiona imetundikwa.

Kitenge siku hizi kimechanganyika. Kipo cha pamba, na kipo cha nailoni kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Hicho cha pili kinateleza, kifundo kinaachia polepole bila wewe kujua, na mtoto anatokwa jasho kwa sababu hakipitishi hewa. Mwombe muuzaji akuchomolee uzi mmoja pembeni. Uchome kwa kiberiti. Hivi... Mnaona? Huu umewaka kama karatasi, umeacha majivu laini, unasagika kwenye kidole. Hiyo ni pamba. Na huu wa pili umejikunja, umeyeyuka, umeacha kidonge kigumu cheusi. Hicho shona gauni la sikukuu, mtoto usimbebee. Na hata cha pamba kifue mara mbili kabla ya kukitumia, ile dawa ya kiwandani inayokifanya kikakamae itoke, maana mtoto atakinyonya, hilo halikwepeki.

Kanga moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwa mgongo inatosha, kwa kichanga cha kifuani ni fupi, uzito wote utaishia kwenye bega moja na kifundo kimoja. Mimi nawashauri mnunue kitenge kizima cha yadi 6, karibu mita tano na nusu, mkipasue katikati kwa urefu, fundi awapigie pindo. Mnapata mbeleko mbili, moja yako, moja ya wifi yako. Katikati ya kitambaa weka tumboni kwako, ncha zipite mgongoni zipishane kama msalaba, zipande mabegani, zishuke mbele. Mtoto anaingia ndani ya ile sehemu ya mbele, ncha zinapishana chini ya makalio yake, zinarudi nyuma, unafunga. Mabega mawili yanabeba, mgongo unabeba, na kiuno kinabeba. Aliyejifungua kwa upasuaji akifunge juu zaidi kupita kidonda, kisiguse mshono, na asianze kubeba mpaka waliomhudumia wamemruhusu.

Mbeleko ya pete ni nzuri kwa safari fupi, unaivaa haraka na kumtoa mtoto haraka. Lakini tazama pete. Fundi wengine wanatumia pete zozote za duka la vifaa vya ujenzi, zenye kiungo kilichochomelewa. Pitisha ukucha wako kuzunguka pete yote. Ukucha ukikwama mahali, hapo ndipo kitambaa kitachanika au pete itafunguka. Pete ya mbeleko haina kiungo. Na kwa kuwa inakalia bega moja, leo kulia, kesho kushoto.

Sasa hiki cha mikanda. Nimekinunua mtumba, kama ambavyo wengi mnavinunua Memorial na Kiborloni, na sioni aibu ya mtumba. Vingine vimetengenezwa vizuri kweli. Lakini vimekaa juani, vimefuliwa, vimesafiri, na hujui kwa nini mwenyewe alikiacha. Tazama klipu za plastiki, zile kama za begi la shule. Zibane, usikie mlio. Zikunje kidogo: pakitokea mstari mweupe, plastiki imechoka, itavunjika. Geuza ndani, fuata mshono pale mkanda wa bega unapokutana na kitambaa, hapo ndipo panapobeba kila kitu. Uzi uliolegea hata mmoja, mpelekee fundi wa viatu, maana wa nguo hana sindano ya kupita hapo. Kisha, dumu. Lita kumi za maji ni kilo kumi, zaidi ya mara tatu ya kichanga cha kilo tatu. Liweke ndani, vaa, tembea chumbani kando ya kitanda, lirukishe juu ya godoro. Likianguka, limeanguka dumu.

Kama kina lebo, soma uzito wa chini kinaoruhusu. Vingi vinaanzia kilo tatu na zaidi kidogo, na mtoto wa kilo mbili na nusu atazama ndani mpaka usimwone. Kuna na kile cha umbo la mfuko, kirefu, chenye mpira pembeni, mtoto anaingia humo amejikunja kama kamba wa baharini. Hicho, tafadhali, hata ukipewa bure kikatae. Ni mkao uleule nilioufanya mimi Julai ile.

Baridi inatupoteza akili sana watu wa Kilimanjaro na Arusha. Juni hadi Agosti tunawafunga watoto kama viazi kwenye gunia. Kumbukeni mbeleko yenyewe ni nguo, na mwili wako ni jiko. Mtoto kifuani anahitaji nguo moja pungufu ya unavyodhani. Kofia, soksi, basi. Ukiona baridi, vaa sweta kubwa uwafunike wote wawili, ila kichwa chake kitokeze. Blanketi juu ya uso, hapana. Mguse kisogo: kikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi, isikudanganye.

Jiko la mkaa na mtoto kifuani havikai pamoja, mpe mtu amshike. Na bodaboda, ndugu zangu, hakuna kibebeo duniani kinachoifanya bodaboda iwe salama kwa kichanga.

Akina baba saba, msidhani nimewasahau. Sheria imewapa siku tatu za likizo, ni chache, lakini kifua chenu kina joto lilelile. Baba akimbeba mtoto kwa saa zima jioni, mama analala saa zima. Na msikubali kuambiwa "unamzoesha mikono." Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwaomba wazazi wawabebe watoto zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki sita, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Wanaobebwa wanalia kidogo, basi.

Nina neno kwa mama wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, maana najua wapo humu na wengine wanawaficha watoto wao kwa haya. Kwako mbeleko ni matibabu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na hospitali isiyo na mashine za joto za kutosha, akaanza kuwaweka njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo ndiyo tunayoiita kangaruu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wadogo waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubiri hali zao zitulie kwanza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza hivyo, na likasema saa nane kwa siku ndiyo kima cha chini. Kwa hiyo unapoona mwenzako anatembea wodini na kifurushi kifuani, usimcheke wala usimhurumie. Lakini kumfunga njiti ufundishwe na muuguzi, kwa mkono wake, kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Shingo yake ni dhaifu kuliko ya mtoto aliyetimia, na yale niliyosema kuhusu kidevu kwake ni mara mbili.

Nimesema sana, na mikono inafundisha kuliko mdomo. Vitambaa hivi hapa, kila mmoja aje ajaribu, asiye na mtoto atumie mfuko wa maharage wa kilo tatu niliouweka pale kwenye benchi. Bibi zangu njooni mbele kabisa, mtanisaidia kukagua vifundo. Na tuanze na wewe mama uliye karibu na dirisha, mwenye blanketi ya bluu. Mtoto ana muda gani? Wiki tatu? Hongera. Njoo naye hapa kwenye mwanga, taratibu. Kwanza tumfunue uso.